Tulishuka watatu kuwachukua watatu

"Anko, sasa hapa unapigania nini?"

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu hapa sebuleni Tabata, simu mkononi, mechi yake ameisimamisha mapumziko. Kwenye skrini ya laptopu yangu gemu la Wizardry lilikuwa linaonyesha ukuta, mlango na orodha ya majina sita. Mwanaidi, kuhani wangu, alikuwa amebakiwa na neno moja la kuponya. Shija, anayetangulia mbele, uhai wake ulikuwa pointi tatu. Mlango uko hatua moja mbele. Ngazi za kurudi juu ziko mbali nyuma, na kona mbili za kupita gizani.

Nikamwambia kuna hirizi imeibwa, na mchawi aliyeiba amejificha ghorofa ya kumi chini ya ardhi. Akasubiri niendelee. Sikuwa na cha kuongeza, maana hadithi yote ndiyo hiyo.

"Kwa hiyo ni kupigana tu?"

Akarudi kwenye mechi yake. Mimi nikabaki na swali, na wiki kadhaa zimepita bado ninalo. Nikiwa kwenye mwendokasi linarudi. Nikilala linarudi. Gemu lisilo na watu wa kuzungumza nao, lisilo na kijiji cha kuokoa wala mapenzi wala usaliti, vita juu ya vita kuanzia mwanzo hadi mwisho, linastahili jioni za mtu mzima mwenye kazi na familia?

Lenyewe

Wizardry: Proving Grounds of the Mad Overlord lilitoka mwaka 1981 kwa kompyuta za Apple II. Andrew Greenberg na Robert Woodhead walilitengeneza wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell. Ninalocheza mimi ni toleo la studio ya Digital Eclipse lililokamilika Mei 2024. Picha ni mpya, na muziki ni wa Winifred Phillips, ule ulioshinda Grammy mwaka 2025, lakini chini ya hayo yote zinatembea hesabu zilezile za Apple II. Ukitaka, unafungua kidirisha pembeni ukaona skrini ya zamani ikienda sambamba na ya sasa. Greenberg alifariki Agosti 2024. Nafurahi kwamba aliwahi kuiona kazi yake ya ujanani ikichezwa upya na watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipoiandika.

Shimo lina ghorofa kumi, kila moja miraba ishirini kwa ishirini. Juu kuna mji wenye baa, duka, nyumba ya wageni, hekalu na uwanja wa kuandikisha watu wako.

Basi.

Amri sita

Mkikutana na maadui, unawapa watu wako amri wote sita kwanza. Watatu wa mbele wanapiga kwa silaha. Wa nyuma silaha zao hazifiki, kwa hiyo wananuiza maneno ya uchawi au wanajikinga. Maadui nao wanakuja kwa makundi, hadi makundi manne, na mara nyingi hujui hata ni kina nani. Unaambiwa tu kuna watu wafupi, au mtu aliyevaa joho.

Ukishathibitisha, huna tena la kufanya. Mistari inaanza kupita mmoja mmoja. Shija anampiga mfupi wa kwanza, anakosa. Kibwana, mchawi wangu, ananuiza KATINO: wawili wanalala, wa tatu halali. Huyo wa tatu anamgeukia Tabu. Tabu hajapiga bado, zamu yake iko chini, na wewe ulishamwamuru ampige aliyelala.

Unasoma. Unasubiri. Katika magemu wanayocheza vijana kwenye mabanda ya PS mtaani kwetu, kidole ndicho kinachookoa. Hapa kidole hakina kazi. Kilichobaki ni ulivyoamua kabla, na mara nyingi uliamua bila kumjua adui wala kujua nani atawahi.

Jambo moja ambalo watu hawalisemi sana kuhusu magemu ya zamu: yanamheshimu mtu mwenye nyumba yenye watu. Mama mwenye nyumba akipiga hodi kuulizia hela ya taka, nanyanyuka, namwamkia, tunaongea mpaka habari za mwanawe wa Morogoro. Nikirudi, zimwi limesimama palepale na mimi nimeshapata wazo jipya. Umeme ukikatika, laptopu ina betri yake, na giza linasaidia kufikiri. Sijui gemu jingine linalokaa vizuri hivi ndani ya jioni za Dar.

Mfuko wa maneno mawili

Kibwana alipoanza alikuwa na nafasi mbili za kunuiza, zote za daraja la kwanza. HALITO inaunguza adui mmoja, madhara ya pointi moja hadi nane. KATINO inalaza kundi. DUMAPIC haimgusi mtu, inakuambia tu mko wapi: hatua ngapi mashariki, ngapi kaskazini, kina gani kutoka ngazini.

Yote matatu yanatoka kwenye mfuko mmoja.

Kaa na hilo kidogo. Ukilaza maadui mara mbili, umepona lakini hujui ulipo. Ukijua ulipo, umebakiwa na nafasi moja ya kupona. Na Mwanaidi upande wake ana DIOS, inayorudisha pointi moja hadi nane. Ikitoka moja, imetoka moja.

Kwa hiyo kila pambano ni gharama. Hata mliloshinda bila kuchubuka limekula kitu ambacho mtakihitaji njiani. Mkirudi mjini mnalala zizini bure: uhai haurudi, lakini maneno yanarudi. Asubuhi kuhani anawaponya wenzake kwa maneno mapya, kisha mnalala zizini tena ayapate upya. Ni ujanja wa maskini, na gemu linaujua na linauruhusu. Wenye dhahabu wanalala chumbani. Sisi wengine tuko na farasi.

Ujuzi mliouchuma shimoni unahesabiwa mkishalala mjini. Ndiyo maana mlango ule mpwa wangu aliouona ulikuwa mzito. Nyuma yake pengine kuna sanduku, pengine kuna kundi. Tukifungua na kushinda, Shija anapanda daraja. Tukigeuka sasa, tunapanda ngazi na tulichonacho.

Nikageuka.

Na hapo ndipo nilipoanza kuona jibu ambalo sikumpa kijana: katika gemu hili, kupigana ndiyo nauli. Kinachochezwa ni uamuzi wa kurudi. Mapambano ni mengi kwa sababu uamuzi huo unatakiwa uulizwe mara nyingi, kila mara ukiwa na salio tofauti.

Mzee wa bao

Kuna mzee Magomeni ambaye huwa namkuta barazani akicheza bao, nami hukaa kumtazama nikipita kumsalimia. Nilimweleza gemu hili kwa kirefu. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama kuna dadu ndani yake. Nikasema zipo, nyingi, zimefichwa kwenye hesabu. Akatikisa kichwa. Kwake yeye bao lina kete 64 na mashimo 32, zote ziko wazi mbele ya macho, na ukifungwa umefungwa na akili ya mwenzako. Mchezo unaokunyang'anya mtu wako bila wewe kukosea hauna heshima kwa mchezaji.

Hoja hiyo ilinisumbua kuliko ya mpwa wangu, kwa sababu ni ya mtu anayejua michezo ya zamu tangu ujana wake.

Na ni kweli. Hapa unaweza kupanga kila kitu sawasawa na bado mchawi wa upande wa pili akawahi. Sanduku linaweza kukaguliwa na mwizi wako, akakuambia mtego ni sindano ya sumu, kumbe ni wa kuwatupa wote mahali msipopajua. Chini zaidi kuna maadui wanaokata kichwa kwa pigo moja, haijalishi umebakiwa na uhai kiasi gani.

Nimefika mahali pa kumjibu nusu. Mchezaji mzuri wa gemu hili hazishindi dadu, ila anapunguza mara ambazo zinarushwa. Anageuka mapema. Anakimbia pambano ambalo halimlipi. Hatumi watu wa daraja la kwanza ghorofa ya pili kwa sababu tu ngazi zipo. Huo ni ustadi, na unaonekana: watu wake wanaishi. Lakini nusu nyingine ya hoja ya mzee naiacha ilivyo, na nitaifikia.

Ghorofa ya tatu

Kundi langu la kwanza liliishia ghorofa ya tatu. Wenye majoho walikuwa wepesi kuliko sisi. Moto ulishuka kwenye safu nzima kabla Shija hajainua upanga, na ulipopita wa pili hapakuwa na mtu wa kupewa amri.

Gemu linaandika yenyewe kila kinachotokea. Huwezi kusevu mlangoni ukarudia. Nilijikuta mjini, orodha ya watu ina majina yaleyale sita, na wote sita hawapo. Hawajafutwa. Wamelala walipoanguka, kwenye mraba uleule, na wanasubiri mtu aende.

Nikaandikisha wapya. Sasa sikiliza inavyokwenda: kundi haliwezi kuzidi watu sita, na maiti inachukua nafasi ya mtu. Ukishuka na sita, huna pa kuweka hata mmoja. Ukitaka kuwachukua watatu, shuka watatu.

Na mkiwa watatu hakuna nyuma.

Chausiku, mchawi wangu mpya, ambaye popote pengine angekaa nafasi ya tano akilindwa, sasa alisimama mstari wa mbele na joho lake, anaweza kupigwa na yeyote. Niliwapa mazoezi ghorofa ya kwanza, pamoja na kile chumba cha mizimu ya Murphy ambacho wachezaji wamekitumia kwa miongo: mizimu isiyoumiza sana na inayolipa ujuzi mwingi, mpaka unachoka kuitazama. Wakapata nguvu kiasi. Hazikutosha. Hazingetosha hata ningekaa mwezi, kwa sababu watatu ni watatu.

Tulishuka. Sikutafuta pambano hata moja. Kila tulipoweza kukimbia tulikimbia. Neno la Chausiku nililikalia kama mtu anavyokalia nauli ya mwisho. Nilikuwa na ramani yangu ya penseli kwenye karatasi ya grafu, ile ambayo siku moja mstari wangu ulitoka nje ya ukingo wa mashariki na nikagundua tumeibukia magharibi, maana ghorofa zinajizungusha. Ramani inayojichora ipo katika toleo hili. Nilichora hata hivyo, na usiku ule nilishukuru kwamba njia ilikuwa mkononi kabla haijawa kwenye skrini.

Kwenye mraba wenyewe unakagua sakafu. Majina yakatokea. Nikamchukua Shija, nikamchukua Tabu, nikamchukua Mwanaidi. Sasa tulikuwa sita kwenye orodha, watatu wakiwa hai, na ngazi zote za kurudi bado.

Sijawahi kucheza sehemu ya gemu lolote kwa umakini kama ile njia ya kurudi. Hakuna aliyeiandika. Hakuna mwandishi aliyekaa Cornell akapanga kwamba mtu wa Tabata atapita hapa na maiti tatu na mchawi mmoja mbele. Waliweka kanuni tu: miili inabaki, nafasi ni sita, mbele ni watatu. Hadithi ikatoka humo.

Safari ya pili, ya kumchukua Kibwana na wenzake wawili, ilikwenda salama na sina mengi ya kuisema.

Hekaluni

Hekalu linataka hela kwanza. Shija akaamka. Mwanaidi akaamka. Tabu akawa majivu.

Majivu yanaweza kujaribiwa tena kwa bei kubwa zaidi. Tuliuza mapanga mawili na kofia. Ikashindikana, na Tabu akafutika: jina halipo baa, halipo uwanjani, hakuna sehemu yoyote ya gemu ambako unaweza kumkuta tena.

Hapa ndipo mashaka yalinijaa kweli. Nilikuwa nasikitika kwa nini? Tabu hakuwa na sura niliyomchorea wala neno alilowahi kusema. Pengine kilichoniuma ni jioni zangu zilizokuwa ndani yake, na gemu limejifunza tu kushika saa za watu mateka ili kila zamu ionekane ya maana. Kama ni hivyo, ni hila, na mtu mzima anapaswa kuikataa.

Nimeligeuza hilo sana. Kilichonishawishi si huzuni, ni safari yenyewe ya kuwachukua. Ningekuwa na uwezo wa kurudia pale mlangoni, ningerudia, bila kufikiri mara mbili; kila mtu angerudia. Na safari ile isingekuwepo. Chausiku asingesimama mbele. Ukali wa gemu ndio uliozaa kitu bora nilichokutana nacho ndani yake, na huwezi kukipata hicho kwa mlango mwingine.

Bado narudi kwa mzee wa Magomeni. Kumpoteza Tabu kwa moto nakubali, maana niliamua kushuka tatu. Kumpoteza kwa dadu ya hekalu, baada ya kazi yote kufanyika vizuri, hapo sina utetezi wa kumpelekea.

Nisiyoyatetea

Na yako mengine. Mtu akipanda daraja, nguvu zake, akili zake na wepesi wake vinaweza kuongezeka na pia vinaweza kupungua. Ujuzi unaongezeka, mwili unarudi nyuma, bila sababu yoyote aliyofanya mchezaji. Ukishapata utepe wa buluu ghorofa ya nne, lifti inakufikisha hadi ya tisa, na ghorofa ya tano mpaka ya nane zinabaki kama nyumba ambazo hakuna aliyekutuma. Niliingia kwenye mbili, nikakuta kuta nyingi na sababu chache. Mwizi ni mtu wa kufungua masanduku tu. Katika pambano anasimama. Na kuna kipindi katikati, watu wako wakiwa na nguvu za wastani, ambapo vita vinafanana mno: moto, piga, moto, piga, na swali la kurudi halina makali kwa sababu jibu unalijua. Kwa saa hizo mpwa wangu yuko sahihi kabisa. Ni kupigana tu.

Toleo jipya linakuruhusu kuchagua baadhi ya kanuni ziwe za zamani au zilegezwe. Mwanzoni niliziacha zote za zamani, kwa kuamini kwamba gemu la 1981 lichezwe la 1981. Sasa nashauri tofauti. Legeza kila kinachochezea namba za watu wako nyuma ya pazia. Acha kila kinachohusu njia, mwanga, nafasi sita na miili inayobaki chini. Ya kwanza yanamnyima mchezaji, ya pili yanampa kazi.

Kwa anayetaka kuanza

Anayetafuta hadithi ya kusomewa aliache, hakuna atakachopata. Anayetaka kushinda kwa wepesi naye aliache. Wewe ambaye una nusu saa baada ya chakula, unapenda kupanga, na unaweza kulala ukiwa umegeuka mlangoni bila kujua nyuma yake kuna nini, linunue.

Andikisha wapiganaji watatu, kuhani, mwizi na mchawi. Usichanganye wema na waovu, hawatakaa meza moja pale baa. Wasio na upande wanakaa na wote. Hela yote ya mwanzo iende kwenye ngao na mavazi ya watatu wa mbele. Siku za kwanza pigana mara moja, rudi, lala zizini. Penseli iwe karibu. Na andikisha mapema watu watatu wa akiba, uwaache baa, uwapandishe madaraja kidogo kidogo wakati kundi kubwa likipumzika, kwa sababu siku ya kuwahitaji haitakupa muda wa kuwafundisha.

Mimi niko ghorofa ya tisa. Chausiku amehamia kundi kubwa, nafasi ya tano, na ameshaanza kunuiza maneno ambayo Kibwana hajayafikia.